Uzi: Picha za kaoboi za enzi ya bubu zinawafunika makaoboi wote waliokuja baadaye. Kwa nini tumezisahau?

Mzee wa Behewa (Morogoro)
Wakuu, salaam. Nina wiki mbili nachelewa kulala, na kosa ni langu. Nilikuwa naperuzi nikaangukia picha ya mwaka 1926, The Great K & A Train Robbery. Steringi ni Tom Mix na farasi wake Tony. Hakuna anayefungua mdomo akasikika. Picha haijakolea hata kidogo, jamaa yuko ananing'inia kwenye korongo huko Colorado anawasikiliza majambazi wanavyopanga kuvamia treni. Wanamshtukia. Anateleza kwenye kamba kutoka juu kule mpaka chini alipo Tony, anapanda, huyo! Treni ni ya kweli, korongo ni la kweli, na mgongo ambao ungevunjika ni wa binadamu.

Hoja yangu ni hii, wa kununa anune: sauti iliwaharibu makaoboi. Tangu waanze kuongea wamekuwa watu wa kuegemea kaunta na kurushiana maneno. Wale bubu walikuwa kazini.

Naomba wajuzi mnitajie nyingine. Na mniambie kwa nini vitu vikali namna hii hakuna anayevijua. Baba yangu alinilea na picha za kaoboi, John Wayne alikuwa kama mjomba pale nyumbani, lakini jina la Tom Mix sikuwahi kulisikia mdomoni mwake.

Kiti cha Mbele
Wa kwanza. Nimeshakaa, karanga ninazo.

Fundi Saa (Arusha)
Mkuu umeonja pipi, chakula bado hujakiona. Tom Mix ni sarakasi. Nenda kwa William S. Hart, picha ya 1916 inaitwa Hell's Hinges. Huyu mzee alianza kucheza ukaoboi kwenye picha mwaka 1914 akiwa na karibu miaka 50, katokea jukwaani alikokuwa akicheza Shakespeare. Ana uso kama umechongwa kwa panga. Anapewa kazi ya kumtimua mchungaji mgeni mjini, anamwona dada wa mchungaji, mikono inaishiwa nguvu. Tulizoea hapo mchungaji awe mtakatifu mpaka mwisho. Wapi! Mchungaji ndiye anayepotea, pombe na mwanamke, mpaka anafuatana na walevi kwenda kulichoma kanisa lake mwenyewe. Hart anarudi anakuta majivu. Anauchoma mji mzima. Zile dakika za mwisho ni moshi tu na vivuli vya watu wanakimbia, na yeye anapita katikati hana haraka. Nilitazama saa saba usiku, asubuhi simu haina chaji.

Kwa nini huijui? Kwa sababu wewe na baba yako mmelelewa na televisheni, na televisheni ilitaka picha zinazoongea. Hizi hazikupewa zamu.

Kibanda Na. 7 (Mbagala)
Mimi nina kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea video na mechi, kwa hiyo naongea kwa hasara niliyoipata na siyo kwa hisia. Mwaka jana mechi moja iliahirishwa watu wamekwisha kujaa. Nikaweka The Mark of Zorro ya 1920, ya Douglas Fairbanks. Nikajua upanga unauza. Dakika ya saba mtu kapiga kelele, "Fundi, sauti!" Nikamwambia hii haina sauti. Akasema basi nipe mia tano yangu. Wakaungana naye. Nimerudisha hela kwa watu kumi na mmoja, na wengine wala hawakuwa wamelipa.

Tusizunguke mbuyu. Zimesahaulika kwa sababu hazina sauti. Mteja anataka kuisikia ngumi.

Chai Maharage
"Wengine wala hawakuwa wamelipa." Nimecheka mpaka bosi kageuka.

Kumbukumbu (Dodoma)
Fundi Saa, televisheni ni sababu ya juzi. Kabla ya kuuliza kwa nini hazitazamwi, uliza kama zipo. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2013. Picha ndefu za bubu zilizotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1929 zilikuwa karibu 11,000. Zilizobaki kamili, katika hali ileile zilivyotoka, ni asilimia 14. Nyingine zimebaki vipandevipande au nakala za ubora hafifu zilizotoka nchi nyingine. Karibu asilimia 70 hazipo kabisa.

Mkanda wa zamani ulikuwa wa naitreti. Ule ukishika moto hauzimiki, hata ukiuzamisha kwenye maji unaendelea kuwaka, maana hewa ya kuwakia unatoka nayo ndani yake. Na usipoungua unaoza wenyewe, unanata, mwisho unakuwa unga wa rangi ya kutu. Mwaka 1937 ghala la kampuni ya Fox pale Little Ferry, New Jersey, liliungua wakati wa joto kali la Julai. Karibu hazina yote ya picha bubu za Fox ilikwenda usiku ule.

Mzee wa Behewa (Morogoro)
Subiri, Fox si ndiyo ilikuwa kampuni ya Tom Mix?

Kumbukumbu (Dodoma)
Ndiyo hiyohiyo. Ile uliyoitazama ni mmoja wa manusura. Pole.

Fundi Saa (Arusha)
Sikatai moto, lakini moto haukuchagua. Mbona zilizopona nazo hazitazamwi? Za Hart zipo, nani anazitazama?

Na kingine hakisemwi. Wenye kampuni wenyewe walizitupa. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, picha bubu ikawa takataka inayokula nafasi ghalani. Mkanda ule una madini ya fedha ndani yake, wakawa wanaukamua fedha na kutupa kilichobaki. Bepari ni bepari.

Chai Maharage
Mimi nilisikia picha ya kwanza kabisa ya kaoboi ilichezwa na majambazi wa kweli kule Texas, mpaka wengine wakakamatwa baada ya picha kutoka.

Kumbukumbu (Dodoma)
Hiyo ni chai mkuu, na jina lako linakushuhudia. Kama unaisema The Great Train Robbery ya 1903, ilitengenezwa na Edwin S. Porter kwa kampuni ya Edison, na ilipigwa New Jersey, pwani ya mashariki kabisa. Magharibi yenyewe hawakufika. Ina dakika kama 12 tu. Mmoja wa waigizaji alikuwa Gilbert Anderson. Inasimuliwa kwamba alidai anajua kupanda farasi, na farasi akamkana hadharani. Huyohuyo baadaye akajiita Broncho Billy, akacheza mamia ya picha fupi za kaoboi, na ni mmoja wa walioanzisha kampuni ya Essanay.

Utamu wa ile picha ni kipande kimoja. Jambazi, uso mkubwa umejaza pazia, anakutazama, anakupiga risasi wewe uliyekaa kwenye kiti. Hakina uhusiano wowote na hadithi. Katalogi ya Edison iliwaambia wenye kumbi wakiweke mwanzo au mwisho, kila mtu na apendavyo.

Kibanda Na. 7 (Mbagala)
Hapo umenigusa. Yaani mwenye kibanda ndiye anayeamua? Hiyo ndiyo heshima niliyokuwa naitafuta mjini hapa. Wewe ungeweka wapi?

Kumbukumbu (Dodoma)
Mwisho. Wakidhani imekwisha.

Fundi Saa (Arusha)
Mwanzo. Uwakamate kabla hawajakumbuka mia tano yao.

Bin Malindi (Muscat)
Assalaam alaykum jamaa. Nimesoma huu uzi toka juu na nna neno moja. Marehemu baba alizaliwa Unguja 1916, na alikuwa akitusimulia picha zisizosema alizokwenda kutizama utotoni. Hakuwahi kusema ukumbi ulikuwa kimya. Alisema zilikuwa kelele tupu! Mtu anayejua kusoma Kiingereza hukaa katikati, maandishi yakitokea yeye huwatafsiria walio karibu, na akikosea mwengine humrekebisha, huku wa nyuma wanamwambia steringi ageuke, adui yupo mlangoni. Alizipenda za mabaharia na za panga. Hizo za kaoboi alikuwa akiziita "picha za vumbi".

Basi Bwana Kibanda, wateja wako hawakudai sauti ya picha. Walikosa mtu wa kuwasomea.

Nyuki wa Nakuru
Mzee Bin Malindi amesema jambo kubwa, shikamoo mzee. Huku Kenya msimulizi wa filamu DJ Afro amewafanya watu wapende filamu ambazo hata mwenyewe aliyeziigiza angezishangaa. Uganda wana wale wanaoitwa VJ. Tanzania mlikuwa na Lufufu. Hakuna mtu huku kwetu amewahi kukaa tu akatazama filamu ya kigeni kimyakimya. Tunataka mtu atuambie, na atuongezee chumvi.

Kwa hivyo mimi nasema zilisahaulika kwa sababu zilikufa pamoja na wasimulizi wake. Ule mkanda ulikuwa nusu ya kazi.

Mpiga Picha Mstaafu (Mombasa)
Nyuki, Wajapani wangekukumbatia. Kule msimulizi wa picha bubu aliitwa benshi. Alisimama kando ya pazia na kuwasemea wote, mwanamume, mwanamke, mtoto na mzimu. Mabenshi wakubwa walikuwa na majina kushinda waigizaji, watu walikata tiketi kwa ajili ya sauti ya fulani. Na kwa sababu hiyo Japani ilichelewa kuacha bubu, ilizitengeneza mpaka katikati ya miaka ya 1930. Kaka yake Akira Kurosawa, yule mwongozaji mkubwa wa filamu, alikuwa benshi. Sauti ilipoingia wakakosa kazi, na yeye akajiua mwaka 1933.

Tafuteni picha yao Orochi ya 1925, steringi ni Tsumasaburo Bando. Ni ya samurai mwenye moyo safi ambaye kila afanyalo linaonekana ovu. Mwisho wa picha anazungukwa na kundi zima la polisi, kamba kila upande, na yeye ni upanga mmoja. Si kaoboi, lakini mkiiona mtajua makaoboi waliokuja baadaye wanamdai nani.

Chai Maharage
"Wanamdai nani" au wanadaiwa na nani?

Mpiga Picha Mstaafu (Mombasa)
Wanadaiwa. Ahsante. Miwani nimeikalia.

Binti Makorongo (Tanga)
Salaam. Nimepita machapisho yote, hakuna mwanamke hata mmoja zaidi ya dada wa mchungaji. Naleta wangu.

The Hazards of Helen, mfululizo wa kampuni ya Kalem, 1914 mpaka 1917, vipande 119. Helen ni karani wa telegrafu kwenye kituo cha reli, na kila wiki kuna maafa: breki zimekatika, majambazi wameiba treni, daraja limefunguka. Hamsubiri mtu. Anaruka pikipiki, anapanda farasi, anakimbia juu ya mabehewa. Alianza Helen Holmes, baadaye akaja Helen Gibson ambaye alikuwa ametoka kwenye mashindano ya farasi ya rodeo. Huyu wa pili aliruka kutoka kwenye paa la kituo akatua juu ya treni inayokimbia, na alifanya mwenyewe.

Halafu mnauliza kwa nini zimesahaulika. Wengi wa watazamaji wa mifululizo ile walikuwa wasichana wanaofanya kazi mijini. Walioandika historia baadaye walikuwa wanaume waliompenda John Wayne. Hilo mlipime.

Mzee wa Behewa (Morogoro)
Dada, treni na kituo cha reli halafu sikuambiwa mapema? Nimeanza leo. Vipande 119 nitamaliza mwaka ujao.

Binti Makorongo (Tanga)
Vingi vimepotea kaka. Utamaliza mapema kuliko unavyodhani.

Fundi Saa (Arusha)
Nyie mnaotafuta sababu kubwakubwa, kuna moja ndogo inawapita: kasi. Kamera za mwanzo zilizungushwa kwa mkono, picha 16 au 18 kwa sekunde, mara nyingine zaidi. Mashine za sauti zinakwenda 24. Ukiuweka mkanda wa zamani kwenye mashine mpya kila mtu anatembea kama anaungua miguu. Hart, mzee mwenye hadhi yake, anakuwa kama kuku kaona mwewe. Kizazi kizima kiliziona hivyo, wakazicheka. Mkipakua, tafuteni nakala iliyorekebishwa kasi, na iliyosafishwa. Ile yenye mistari kama mvua iacheni.

Nyuki wa Nakuru
Sasa niwape ya nyumbani. Mwaka 1910 kaoboi wa kweli wa Marekani walikuja Kenya kukamata wanyama kwa kamba. Kiongozi alikuwa Buffalo Jones, mzee wa miaka 66, na vijana wawili wa kazi, Loveless na Means. Walikuja na farasi na mbwa wao. Wakamtia kamba twiga, wakamtia kamba kifaru, wakamtia kamba simba jike na kumchukua mzimamzima. Mpiga picha wao alikuwa Mwingereza, Cherry Kearton, yuleyule aliyekuwa amempiga picha Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipokuja kuwinda huku.

Fikiria hao jamaa na kamba, wanamzunguka kifaru Bonde la Ufa. Ukiweka hiyo kwenye sinema leo watu watasema ni kompyuta.

Chai Maharage
Sasa hii ndiyo chai. Kifaru kwa kamba?

Kumbukumbu (Dodoma)
Hapana, Nyuki yuko sahihi. Chai halisi ilipikwa Chicago. Mwaka 1909 William Selig alijua Roosevelt yuko Afrika Mashariki, akanunua simba mzee, akatafuta mwigizaji anayefanana na Roosevelt, akawaajiri watu weusi wa Chicago wawe wapagazi, akapiga Hunting Big Game in Africa ndani ya studio. Simba aliuawa kweli mbele ya kamera, masikini. Ile bandia ilitoka kabla ya ile halisi ya Kearton na ndiyo iliyojaza kumbi.

Bin Malindi (Muscat)
Ulimwengu haujabadilika hata chembe.

Binti Makorongo (Tanga)
Tukiwa hapohapo, kuna Martin na Osa Johnson waliokaa Marsabit, pale walipopaita Ziwa Paradise, kuanzia 1924 mpaka 1927, wakatoka na picha yao Simba mwaka 1928. Wanyama ni wa ajabu, tembo wamejaa ziwani usiku. Lakini ukisoma vibao vya maandishi namna wanavyowakejeli wenyeji, damu inachemka. Kwangu hiyo ni sababu nyingine. Zipo zilizosahaulika kwa haki yake.

Fundi Saa (Arusha)
Hapo nakubali, na makaoboi hawajasalimika. Mhindi Mwekundu kwenye picha nyingi ni shabaha tu, tena kachezwa na mzungu aliyepakwa rangi.

Mpiga Picha Mstaafu (Mombasa)
Nyingi, siyo zote. Nimekuja na hii makusudi: The Daughter of Dawn ya 1920. Ilipigwa Oklahoma kwenye milima ya Wichita, na waigizaji ni Wakiowa na Wakomanche wenyewe, zaidi ya 300, watoto wa chifu Quanah Parker wakiwemo. Mavazi ni ya makwao, mahema ni yao. Hakuna mzungu hata mmoja kwenye hadithi. Ni mambo ya mapenzi, vijana wawili na binti mmoja, nyati, uvamizi wa kabila jirani. Ilipotea miaka mingi mpaka mpelelezi wa kujitegemea huko North Carolina akalipwa mikanda hiyo badala ya hela ya kazi yake. Chama cha Historia cha Oklahoma kikainunua na kuikarabati, na mwaka 2013 ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya picha za kuhifadhiwa.

Sitadanganya, kuna mahali inasinzia. Lakini tazama nyuso.

Chai Maharage
Kulipwa mikanda badala ya hela. Mwajiri wangu asisome huu uzi.

Papa Lushi (Lubumbashi)
Ba ndugu, habari yenu. Mnasema kaoboi, kaoboi, na weusi je? Kule Kinshasa miaka ya 1950 vijana walijiita Bills, sababu ya Buffalo Bill, walivaa kama makaoboi, mitaa waliipa majina kama Texas. Walijiona ndani ya ile sinema hata kama sinema yenyewe haikuwaona.

Kumbukumbu (Dodoma)
Papa, hao Bills waliona picha zenye sauti, enzi nyingine hiyo. Ila swali lako lina jibu hapahapa kwenye bubu. Kampuni ya Norman ya Jacksonville, Florida, ilitengeneza picha za waigizaji weusi kwa watazamaji weusi. Mwaka 1922 ikatoa The Bull-Dogger, na steringi alikuwa Bill Pickett, kaoboi mweusi wa kweli kutoka Texas, yule aliyeanzisha mtindo wa kuruka kutoka kwenye farasi na kumwangusha fahali kwa kumshika pembe, tena akimng'ata mdomo. Mwaka huohuo ikatoka The Crimson Skull, kisa cha mji wa Boley, Oklahoma, mji wa watu weusi.

Sasa chukueni leso. The Bull-Dogger imebaki vipande tu.

Papa Lushi (Lubumbashi)
Kumng'ata ng'ombe mdomo! Huyo ndiye steringi. Tom Mix akae pembeni.

Mzee wa Behewa (Morogoro)
Tom Mix muacheni jamani. Alipigana vita huyo, alikuwa mwanajeshi kabla ya picha.

Kumbukumbu (Dodoma)
Alijiandikisha 1898, vita hakuviona, na 1902 alitoroka jeshini. Zile habari za Texas na vita ni za matangazo. Alizaliwa Pennsylvania. Kweli ni kwamba alifanya kazi kwenye onyesho la makaoboi la 101 Ranch, na farasi alimjua.

Mzee wa Behewa (Morogoro)
Umenivunjia nyumba.

Fundi Saa (Arusha)
Mzee, kwa mtu wa reli kama wewe, The Iron Horse ya John Ford, 1924. Reli ya kuvuka Marekani, wanaanza kutoka ncha mbili, wanakutana Utah mwaka 1869. Walipiga Nevada kwenye theluji. Mwisho zinakutana garimoshi mbili zilezile za historia, Jupiter na namba 119.

Kumbukumbu (Dodoma)
Siyo zilezile. Picha ndiyo inayojigamba hivyo kwenye kibao cha maandishi, lakini zote mbili zilikuwa zimeshakatwa vyuma chakavu miaka mingi nyuma.

Fundi Saa (Arusha)
Wewe bwana huna raha ya maisha.

Mzee wa Behewa (Morogoro)
Nimeitazama jana. Ndefu, mapenzi yake yamepoa, ila wale wafanyakazi wanaoimba huku wanapiga misumari, bila sauti, nilijikuta nagonga mguu. Nikaunganisha na The General ya Buster Keaton, ya 1926. Jamani. Anakaa kwenye chuma kinachounganisha magurudumu, amekata tamaa, garimoshi linaondoka naye, linampandisha na kumshusha. Mimi nimefanya kazi karakana ya reli. Dereva akifungua mvuke kwa pupa pale, yule mtu hayupo. Halafu wakaliangusha garimoshi zima mtoni, Oregon, la kweli, siyo kisanduku. Mabaki yalikaa majini mpaka Vita vya Pili walipohitaji chuma.

Na bado ilipotoka watu hawakuipenda! Kwa hiyo siyo moto, siyo televisheni, siyo sauti. Wenyewe wa wakati ule waliikataa.

Fundi Saa (Arusha)
Na leo ndiyo maarufu kushinda zote tulizotaja hapa. Hoja yako imejing'ata mkia.

Nyuki wa Nakuru
Kitu kimoja kinanisumbua. Zinapatikanaje kama zimepotea? Nasoma Straight Shooting ya Ford, 1917, ilikutwa Prague.

Kumbukumbu (Dodoma)
Kwa sababu mkanda ulizunguka dunia, na ukifika mwisho wa njia nauli ya kuurudisha ni kubwa kuliko thamani yake. Dawson City, Kanada, kule kwenye barafu, walikuwa mwisho wa njia. Mikanda ikarundikana, mwaka 1929 wakaifukia kwenye bwawa la kuogelea la zamani ili kusawazisha uwanja wa mchezo wa barafu. Mwaka 1978 tingatinga likaifukua, mikanda zaidi ya 500. Mwaka 2010 ikatoka nyingine New Zealand, picha 75 za Marekani, mojawapo ni Upstream ya Ford ambayo ilihesabiwa imekufa.

Chai Maharage
Unguja nako si mwisho wa njia? Au Mombasa? Tuchukue majembe.

Mpiga Picha Mstaafu (Mombasa)
Kijana, barafu ndiyo iliyotunza ile. Naitreti kwenye joto letu na hewa ya chumvi haifiki mbali. Utachimba utakuta unga.

Bin Malindi (Muscat)
Tena ukivuta sigara wakati wa kuchimba, wewe na unga mwaondoka pamoja.

Kibanda Na. 7 (Mbagala)
Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilisoma ushauri wa Mzee Bin Malindi na Nyuki, nikamtafuta dogo mmoja hapa mtaani, konda wa daladala, mdomo kama cherehani. Nikampa spika na elfu tano. Jumamosi saa kumi, kiingilio mia mbili. Nimeweka The Black Pirate ya 1926, Fairbanks tena, kwa sababu ile ina rangi na wateja wangu wanapenda rangi. Anapochoma kisu juu ya tanga na kuteremka nalo linachanika mpaka chini, dogo akasema, "Shusha hapo, kituo!" Kibanda kikalipuka. Hakuna aliyedai hela.

Binti Makorongo (Tanga)
Hongera! Na ile risasi ya 1903?

Kibanda Na. 7 (Mbagala)
Nilishindwa kuchagua kati ya Fundi Saa na Kumbukumbu, nikaikata nikaiweka mwanzo na mwisho. Mwanzo walicheka. Mwisho, mtoto wa mama ntilie akaingia chini ya benchi na hakutoka mpaka nimezima mashine.

Fundi Saa (Arusha)
Mwanzo walicheka maana yake walikamatwa. Nimeshinda.

Kumbukumbu (Dodoma)
Soma tena habari ya benchi.

Nyuki wa Nakuru
Na muziki uliweka gani?

Kibanda Na. 7 (Mbagala)
Umeme ulikatika saa kumi na robo. Muziki ulikuwa jenereta.